Faida ya Gari la Edison

Montevideo, 30 Septemba 1998

Dada yangu mpendwa Elida,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sydney, na lile goti lako limeacha kukutabiria mvua. Wanao na wajukuu nao wawe wazima pia. Sisi huku tunaendelea. Mimi nina mafua kidogo, na Edison wangu ana gari.

Najua habari za gari unazo, maana nimekuandikia miaka minne. Lakini leo nataka kukueleza vizuri tangu mwanzo, kwa sababu yapo mambo niliyokuficha, na sina dada mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka Edison alipostaafu bandarini alinunua gari la spoti la mwaka 1961, jekundu, milango miwili, halina paa, kwa mjane mmoja wa Salto. Alilinunua kwa kutazama picha. Wanasema usinunue mbuzi kwenye gunia, lakini mbuzi walau hulia. Hili lilikuja juu ya lori, kimya, na kuku wawili wamelala kwenye kiti cha dereva. Edison hakuwaona kuku. Aliona tajiri wa Punta del Este akimhesabia dola elfu kumi na mbili. Siku hiyohiyo aliniapia mbele ya picha ya mama kwamba akishaliuza, faida yake ndiyo tiketi zetu za kuja kwako, utakapotimiza miaka sabini. Miaka ishirini na miwili hatujaonana, Elida. Nikamwamini, nikamjazia termosi yake ya maji ya moto ya chai ya yerba, nikamwacha afanye kazi.

Basi akaanza kukwangua kutu. Kila akimaliza anakuta chini yake kutu nyingine, iliyoitangulia. Injini ikashuka, ikalala kibarazani kwangu mwaka mmoja na nusu; wageni wakija naifunika kwa kitambaa cha meza. Nikimuuliza faida iko wapi, ananijibu kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami namwambia hili lake limeundwa sana na bado halielei. Pensheni ikitoka tu, Jumapili huyo kwenye soko la Tristán Narvaja, anarudi na rimu, anarudi na taa, anarudi na kabureta ya tatu ya gari lenye kabureta mbili. Anasema ni akiba. Banda lilijaa mpaka mlango ukawa hausukumiki.

Mwaka jana alikuja daktari wa meno kutoka Carrasco kulitazama. Edison alivaa tai, ile ya harusi yetu. Daktari akasifu rangi, akasifu viti, akaingia, akauvuta mlango kwa adabu kabisa, na mlango ukabaki mkononi mwake. Akasema kwa upole kuwa kazi yake ni kung'oa, ila hajawahi kung'oa kitu kirahisi hivi. Akaushika mlango mpaka Edison alipoupokea, akaaga. Siku mbili mume wangu hakula. Hapo ndipo nilipojua kuwa tiketi zetu zimeliwa na kutu.

Wewe nikakuandikia kwamba mnunuzi anakaribia. Barua tatu nimekuandikia hivyo, na zote ni uongo. Nisamehe. Lakini la kukiri hasa ni hili lifuatalo, na ninaona aibu hata kuliandika.

Niliichukua ile kabureta ya tatu, nikaifunga kwenye taulo la jikoni ulilonitumia, lile lenye kangaruu, nikampelekea Nilo, mwenye meza ya vyuma vikuukuu pale sokoni. Nikamwomba aiuze, achukue chake, anipe changu, na Edison asijue. Jumapili Edison akarudi uso unang'aa. Amepata kabureta, pacha kabisa wa ile yake! Nilicheka nimejifungia bafuni. Wiki iliyofuata nikaitoa tena. Miezi kumi na minne, dada yangu, nimemuuzia mume wangu vyuma vyake mwenyewe. Ile nembo ya mbele, yenye bawa lililovunjika, imeingia na kutoka humu ndani mara nyingi kuliko paka. Pesa nilizitia kwenye kopo la unga, mahali ambapo Edison hajawahi kutia mkono tangu tuoane. Lakini kicheko hakikudumu. Kila alipomsifu Nilo kuwa ndiye mtu mwaminifu peke yake pale sokoni, niliinuka nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mtu niliyeishi naye miaka thelathini na minane, namwibia ili ahadi yake mwenyewe itimie.

Jana ilikuwa tarehe ishirini na tisa. Sijui kama huko mnaendeleza desturi, lakini mimi kila ishirini na tisa bado napika matonge ya viazi na kuweka noti chini ya kila sahani, ili mwezi ujao usiwe mkavu. Chini ya sahani ya Edison niliweka tiketi mbili za kwenda Sydney. Nilipanga kuungama akishashiba, maana mwenye njaa hana msamaha. Hakungoja. Aliinua sahani, akazisoma polepole mpaka namba za viti, kisha akaniambia nami niinue yangu.

Chini yake palikuwa na ile nembo. Nilikuwa nimempelekea Nilo Ijumaa.

“Hii nimeinunua mara tatu,” akasema. “Na kila mara Nilo anapandisha bei, mwizi yule.”

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu kabureta, maana aliikuta mezani kwa Nilo imelala juu ya kangaruu. “Bibie, Montevideo hii nani mwingine ana taulo la kangaruu?”

Machozi yakanitoka, nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kununua. Aliligeuzageuza tonge kwenye mchuzi kwanza.

“Pesa ikikaa mfukoni mwangu inageuka chuma,” akasema. “Nikimpa Nilo, najua itafika kwako. Kukupa mkononi nisingeweza. Ningekuwa nimekubali kwamba gari halina faida.”

Nampenda, Elida, na sijui kama nimewahi kukuandikia hivyo. Ukisikia mtu anauliza kama kutengeneza gari kuukuu la spoti kunalipa, mwambie kunalipa, mradi mkewe awe mwizi.

Tutafika tarehe sita Novemba. Usihangaike na keki, mimi ndiye nitakayeioka, na maziwa ya karameli nakuja nayo makopo manne. Wabusu watoto wote, na shemeji mwambie achague kabisa kiti atakachomwachia Edison.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Mirtha

Nilisahau. Edison anauliza kama huko kwenu kuna soko la vyuma vikuukuu siku za Jumapili. Tafadhali mwambie hakuna.