Betri za fainali

Mdogo wangu Ndahani,

Nina miaka sabini na tano. Nimewazidi maisha Wajerumani, Waingereza na njaa tatu, na kadi hii naiandika mwenyewe.

Jana hapa Dodoma, kwa binti yangu Neema, tulisikiliza fainali ya kombe la majirani, sisi na Kenya. Wakatoka sare ya bao moja, zikaja penalti, redio ikaanza kufa. Wote wakanitazama, maana asubuhi nzima nilisikiliza matangazo ya vifo. Betri siku hizi zimejaa madukani, ila jana Jumapili yalikuwa yamefungwa.

Mkwe wangu Yohana akasema, "Mzee, umetumaliza."

Nikatoa betri, nikaziuma moja moja kuzifufua.

"Baba, zitakupasukia mdomoni," akasema Neema.

"Meno haya ni yangu. Ya Yohana ni ya hospitali."

Nikazirudisha. Kimya. Kisha sauti kama ya mbu: Mkenya wa mwisho anapiga, kipa wetu amedaka, kombe letu. Redio ikazimika.

Yohana akaniamkia shikamoo ya pili siku hiyo. Sikuitikia upesi.

Wape ng'ombe chumvi, nawe ule ushibe. Ukibisha, muulize Mama Suzana, jirani ya Neema, anayekuja huko kwako Kibakwe kununua maharage. Alama za meno kwenye betri aliziona.

Kaka yako