Moto wa Kijani katika Chumba cha Baridi

“Gesi ya friji haishiki moto, dada. Uliza fundi yeyote hapa Kitale.” Ndivyo ulivyoniambia Jumapili, Wafula, kisha ukanikatia simu. Kukatiwa simu hakujawahi kuninyamazisha. Basi naandika, na barua naituma kwa simu ya mke wako Nasimiyu ili akusomee mpaka mwisho.

Mko salama nyote? Kifua chako kinaendeleaje? Mimi huku Gaborone ni mzima, ila joto limezidi na maji ya mfereji yanakuja kwa zamu. Nimegombana na mkuu wa shule aliyetaka nifundishe kemia bila maabara. Nilimshinda. Wiki iliyopita tukafanya jaribio la haloalkani, yaani misombo ya kaboni ambamo nafasi ya haidrojeni imechukuliwa na florini, klorini, bromini au iodini. Wanafunzi walibisha kwamba klorini, kwa ukali wake, ndiyo itakayoachana na kaboni kwanza. Tulipotia nitrati ya fedha na kupasha joto kidogo, ya iodini ikatangulia kutoa chenga za njano. Ya klorini ilikuja mwisho. Kinachoamua ni uimara wa kifungo kinachoishikilia kwenye kaboni.

Sasa gesi yako. Ile ya zamani uliyoizoea ni haloalkani pia: kaboni moja, haidrojeni moja, klorini moja, florini mbili. Inachemka hata penye baridi kali kuliko kilele cha Elgon, ndiyo maana inaweza kunyonya joto la nyama. Na kweli, kiberiti hakiiwashi. Hapo nakupa haki yako. Lakini gesi isiyowaka bado inaweza kuvunjika. Nasimiyu amenieleza ulivyofanya kwa muuza nyama wa Kibomet. Ulifunga mlango wa chumba cha baridi ili upepo usizime kichomeo, ukapiga magoti, ukapitisha moto kando ya bomba la shaba. “Umekuwa kijani! Hapa ndipo inavuja, bana!” ukashangilia.

Kijani hicho ni klorini iliyokwisha kung’olewa kutoka kwa kaboni, ikakutana na shaba. Nyingine imetoka kama asidi, pengine na fosjini, sumu inayoharibu mapafu. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, pale pale ulipopiga magoti. Halafu unamwambia mke wako, “Ni vumbi tu linanikohoza.” Vumbi gani ndani ya chumba cha nyama?

Tena unasema, “Si mzee aliyenifundisha alitumia moto miaka yote?” Alitumia, na friji za siku zake zilikuwa na gesi ile. Jumamosi unakwenda Misikhu kutengeneza friji mpya ya mwenye hoteli. Nyingi za siku hizi zina isobutani, isiyo na klorini wala florini, jamaa ya karibu ya gesi ya kupikia. Hiyo haitageuza moto uwe kijani. Italipuka usoni pako. Soma kibandiko nyuma ya friji. Ukiona alama ya moto, ujue ndiyo hiyo.

Nisalimie mama, umwambie dawa za miguu nimempata mtu wa kumletea. Salamu kwa shangazi anayeuza nyanya sokoni, na kwa mjomba karani wa Bungoma, ambaye bado anadhani kemia haifai wanawake. Nitamjibu siku yake.

Wafula, Jumamosi nenda na sabuni na brashi. Povu litakuonyesha panapovuja, milango ikiwa wazi. Usichomelee bomba lolote kabla gesi haijaondolewa yote. Nasimiyu, wewe unayesoma: kabla hajatoka nyumbani, fungua mkoba wake wa kazi ukitoe kichomeo kwa mikono yako mwenyewe. Akifoka, mwache afoke. Kisha nipigieni, nyote wawili, mniambie kichomeo kimetoka mkobani.

Dada yenu,
Nekesa