Macho ya Mama na Moshi wa Kasongo

Kasongo, karibu na hospitali,
Tarehe 9 Juni 1956

Mpendwa Yaya Grégoire, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu huko Albertville, kwenye upepo wa ziwa. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua kimepoa? Na mke wako Apolline, na watoto, wanalala vizuri? Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Kaa kwanza, Yaya, kisha usome polepole.

Mama anaona.

Nimeandika maneno hayo nikainuka kwenda kumtazama tena, nisije nikawa naota. Amekaa mlangoni anafuata moshi wa majiko. Kila moshi unaopanda anausindikiza kwa macho mpaka upotee, kisha anachagua mwingine.

Ulipoondoka kijijini kwetu Wamaza, macho yake yalikuwa yameanza kuwa kama maji yaliyolowekewa mihogo. Baadaye giza lilifunga kabisa. Tukasikia kwamba munganga wa hospitali ya Kasongo anaondoa ule utando, basi tukapanda kamio, lile lori la pamba. Njia nzima ukungu ulilala juu ya majani. Mama aliniuliza ninaona nini, nami nikamwambia vilima, mito, watu wenye vikapu, na mengine sijui kama niliyaona kweli au niliyatunga.

Kule Wamaza watu walituambia dawa ni bure. Ni kweli, dawa ni bure. Lakini mkeka si bure, bugali si bure, na kungoja ndiko kunakokula kuliko vyote. Munganga alisema damu ya Mama ni dhaifu, apate nguvu kwanza ndipo wamguse macho. Mvua zikaanza, zikaisha, tungali tunangoja.

Nyumbani shemeji yako Octave alibaki peke yake na shamba letu na pamba ya Serikali. Kapita, msimamizi wa pamba, haulizi nani mgonjwa. Octave akatafuta watu wa kupalilia sehemu yangu, akawalipa kwa mbuzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka zizi likawa kimya. Yale mabati aliyokuwa akiyaota juu ya nyumba yetu nayo yakaenda na mbuzi. Hakulalamika. Alimtuma dereva wa kamio: "Muambie Louise asirudi bila macho ya Mama."

Siku ile nililia nyuma ya hospitali. Mama mmoja akanikuta, Amisa, mjane Mwislamu wa Nyangwe anayeuza samaki wakavu pale mlangoni.

"Unajua kupika sombe ya majani ya muhogo?" akaniuliza.

"Najua."

"Basi leta mikono. Mimi niko na samaki."

Ndivyo tulivyoanza. Wanaowalinda wagonjwa wanatoka mbali, hawana vyungu wala kuni, nasi tunawapikia. Na si sisi tu. Ungekuja leo usingepatambua mahali hapa: wachoma matofali, watengeneza kinga, yaani baiskeli, fundi wa nguo, seremala wa vitanda, ambaye anatengeneza na masanduku ya maiti pia. Asubuhi, ukungu ukichanganyika na moshi, nasikia Kizimba, Kibangubangu na Kilega bila kuona nyuso, naona kama mji mzima unapanda kutoka kwenye mvuke wa vyungu vyetu. Halafu nakumbuka kinacholeta watu hapa, na furaha yangu inaniaibisha.

Nilimwambia Amisa hivyo. Alikoroga chungu chake kwanza. "Ugonjwa hatukuuita sisi," akasema. "Tunaita mwenye njaa."

Hatimaye wakauondoa ule utando, na siku walipofungua kitambaa, Mama hakututazama sisi. Alitazama mikono yake, akaigeuza. "Hii mikono iko ya mama yangu," akasema. Kisha akanitazama mimi: "Louise, umekonda."

Octave akaja na kinga ya kuazima kututwaa. Unajua desturi yetu: mkwe mwanamume hajiweki mbele ya macho ya mama mkwe. Miaka yote ya giza yeye ndiye aliyemshika mkono njiani, akamtilia chakula kiganjani, kwa kuwa jicho lisiloona halina haya. Alipofika na kuambiwa kwamba Mama anaona tayari, aliruka nyuma ya lundo la matofali akachuchumaa, kofia usoni. Watu wakacheka. Mimi nikasimama katikati, sijui niende kwa nani.

Akakohoa. Mama akakijua kikohozi.

"Octave, mbuzi zako ziko ndani ya haya macho. Toka nikuone."

Akatoka taratibu, akitazama chini. Mama akamtazama muda mrefu sana. "Kumbe uko na mvi, mukwe wangu," akasema, akaanza kulia, na munganga alikuwa amemkataza kulia. Tuliogopa, lakini macho hayakupata neno.

Siku ile Octave hakunena habari ya kurudi. Alitazama vyungu vyangu, akatazama watu, akauliza, "Udongo wa matofali wanachimba wapi?" Ila pamba lazima aimalize. Kesho anaondoka na Mama. Mama hataki kukaa hapa. Anasema Kasongo ni ndoto nzuri, lakini mtu halimi karanga ndotoni. Mimi nabaki na Amisa mpaka mavuno yapite. Baada ya hapo sijui, Yaya. Kila kamio inaleta watu wa Wamaza wanaokuja kuuza hiki na kile, na mashamba kule yanaingiwa na majani. Zizi letu bado tupu.

Msalimie Apolline, watoto wote, na mjomba Raphaël. Octave na Amisa wanakusalimu. Mungu atandaze amani juu ya paa lako na aifungue njia yako.

Nimemuuliza Mama nikuandikie anahitaji nini. Amesema uliondoka bila ndevu. "Grégoire asitume kitu," amesema. "Alete uso wake."

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na kukungoja,
Louise