Moyo wa Dada Yako Hautaki Kushtuliwa

Hospitalini, nje ya wodi
Jumatano, 11 Machi

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu nyingi. Natumaini wewe, mkeo na binti yenu mwenye maneno mengi mko wazima, na kile kikohozi kimekuachia. Huku watoto hawajambo, nami nipo. Dada yako ndiye hali yake si nzuri.

Unajua mkono wake kwenye cherehani. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anakutania. Tangu mwezi wa kumi vidole vikaanza kutetemeka. Akawa anakonda, na huku anakula kuliko mimi. Nikamtania, chakula anakificha wapi? Najuta utani ule.

Asubuhi moja ubao ukaniponyoka. Kishindo cha kawaida cha karakana, miaka kumi na minne anakisikia. Nikamkuta ameinamia cherehani, ameshika kifua. "Baba watoto," akasema, "moyo unakimbia wenyewe."

Nikampeleka hospitali, na daktari akanieleza taratibu. Mtu akishtuka, mwili hutoa adrenalini, moyo ukaenda mbio. Ya dada yako si nyingi kuliko yangu. Ila tezi yake ya shingoni inamwaga homoni kupita kiasi, nazo zimeufanya moyo uwe mwepesi mno. Adrenalini kidogo tu inaupeleka puta. Nikauliza, basi si muitibu hiyo tezi? Akasema yenyewe inatii amri tu. Amri hutoka kwenye tezi nyingine chini ya ubongo, iitwayo pituitari, na hapo pameota kivimbe kama punje ya dengu. Kitatolewa, lakini kwanza moyo utulizwe kwa dawa. Lini? "Wiki kadhaa. Tutaona."

Mimi ni seremala, shemeji. Mlango ukilegea naukaza. Hapa sina pa kushika.

Niling'oa kengele ya mlangoni, nikahamishia kupigilia misumari kwa jirani, watoto wakawa wanatembea kwa ncha za vidole. Sikujua kwamba hata furaha inashtua. Jumapili ulipopiga simu ghafla kusema umepata ruhusa ya kuja, alicheka kwa sauti, kisha akazimia. Sikulaumu, hukujua. Sasa amelazwa. Tafadhali usipige tena. Andika, muuguzi atamsomea polepole.

Nilidhani kazi iliyonibakia ni kukaa naye. Jana nilimshika mkono, akanitazama usoni, na mashine iliyo kando ya kitanda ikaanza kulia harakaharaka. Muuguzi akanitoa kwa upole. "Anaiona hofu yako, baba. Jikaze kwanza." Nimejaribu mbele ya kioo, uso umekataa. Basi nakaa hapa kwenye benchi la nje, mlango umerudishwa, nahesabu mlio wa mashine.

Nisalimie mama mkwe. Mwambie bintiye anakula vizuri. Hilo si uongo. Mungu awafunike huko mliko, na autulize moyo huu mmoja tunaouhitaji sote.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Seremala