Benchi la Wageni

Milimani, Kisumu
Jumapili, usiku

Odhiambo,

Wewe ni mwongo, na uongo wako unaozesha mguu wa mtu. Naanza na hilo kwa sababu najua unavyosoma barua: unasoma mwanzo, unaruka katikati, unaenda mwisho kuona kama kuna kitu umetumiwa. Hakuna. Soma yote, tena kwa sauti, ili Mama Baraka mke wako asikie. Ndiyo maana nimeandika Kiswahili, asije akasema Kijaluo chetu kimemshinda, yeye mtu wa Musoma.

Sasa nikusalimu kama mama. Mko aje huko Muhuru? Watoto wanaamka vizuri? Paa la jikoni kwangu bado linavuja, au ulishapanda ukaliangalia? Mimi nipo. Presha imeshuka, miguu inanibeba mpaka geti na kurudi, na mkono huu wa darasa la nne bado unaandika vizuri kuliko wako uliomaliza sekondari.

Ungeshika simu nisingeandika. Nikikupigia unakata. Nikimpigia mkeo inalia tu mpaka inachoka. Tangu mlipotoka hapa Kisumu na hasira zenu, hakuna mtu wa nyumba yangu aliyeniuliza kama nimekula. Hujui kukaa Milimani kukoje. Kuna miti mizuri na ukuta mrefu, na jirani ananipungia mkono kutoka ndani ya gari akiwa amefunga vioo. Nilimpelekea njugu za kukaanga, mlinzi akazipokea getini akasema atazifikisha. Sijui kama alizifikisha. Nikikaa jikoni nasikia friji ikiunguruma na kunyamaza, nami nimeanza kuingoja iungurume tena. Ndiyo mwenzangu wa mchana.

Achieng anatoka asubuhi na kurudi jua limezama. Gari likiingia hashuki haraka. Anakaa humo ndani, mikono kwenye usukani, na mimi namwangalia dirishani nikijifanya napanga vyombo. Anapoingia anakula amesimama. Huyo ni mtoto wa marehemu kaka yako, Odhiambo. Nilimlea mimi kwa kuanika omena, dagaa kwa Kiswahili cha mkeo, mgongo ukaungua jua mpaka akapata cheti cha unesi. Leo ni metroni, mkubwa wa manesi wote wa hospitali ile kubwa, na nyinyi mmetangaza mwambao wote kwamba amewafukuza ndugu zake.

Na mimi nilikuamini. Baba yako mdogo, Mzee Okoth, alipopiga simu akilia kwamba alikaa hospitalini kwa Achieng kutwa nzima na kidonda chake bila mtu kumgusa, nilimngoja Achieng mlangoni. Nilimwambia maneno ambayo sirudii hapa. Nilimuuliza kama cheo kimemtoa akili, amwache babu yake kwenye benchi kama gunia la omena lisilo na mwenyewe. Alivua viatu akaenda kulala. Nilidhani ni kiburi.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kliniki ya presha. Nikajipeleka mwenyewe, nikapanga laini na wengine, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu mtu huyu akiwa kazini. Nikamwona. Kwenye chumba cha watoto wachanga nesi mmoja alikuwa peke yake na watoto wengi, mwenzake mgonjwa. Wodi ya pili haikutaka kutoa mtu. Wodi ya tatu nayo ikasema iulizwe ya nne. Nilisikia wanavyobishana pale koridoni, kila mmoja akivuta kwake. Achieng hakupandisha sauti. Alimtoa mmoja huku, akamsogeza mwingine kule, na pale palipobaki pengo akavaa aproni akaingia mwenyewe. Alipita mbele yangu bila kunisalimu. Alinigusa begani kwa kidole kimoja tu, kama mtu anayepima kama nguo imekauka, akaenda. Watu waliokuwa kwenye laini hawakujua kwamba ni wangu. Nilitaka kuwaambia. Nikasogea mbele na laini, na hilo likaniuma kuliko goti.

Leo baada ya kanisa amekuja hapa nesi mmoja, msichana mdogo wa Katito, na nanasi mkononi. Ameniamkia vizuri, halafu akaanza kulia kabla sijamkaribisha kiti. Nikamwambia alie akiwa amekaa. Yeye ndiye aliyekuwa mlangoni pa hospitali siku ile ulipomleta Mzee. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu haya unayajua kuliko mimi.

Mlifika asubuhi. Watu wote wanaofika wanapita kwanza kwenye meza ya kupimwa. Pale wanaangaliwa damu, sukari, joto la mwili, halafu aliye mbaya zaidi anatangulia. Laini haimwangalii mtu uso. Wewe hukutaka meza. Ulimwambia huyu mtoto wa watu, kwa sauti ya mwenye mji, kwamba huyu mzee ni babu wa metroni, asipangwe na watu. Naye ni mgeni kazini, akaogopa. Akawapeleka kwenye benchi lililo nje ya ofisi ya Achieng, lile wanalokalia wachungaji na wauza dawa na wakubwa wa kaunti. Benchi la wageni. Na kwa kuwa mgeni hapimwi, hamkupimwa. Kila nesi aliyepita aliona mgeni wa metroni, akapita kwa heshima. Mmoja akawaletea soda.

Soda, Odhiambo. Mzee ana sukari, kidonda cha mguuni alipochomwa na mfupa wa samaki mbuta kimekataa kupona tangu mvua zianze, na wewe ukamfungulia chupa. Huyu msichana anasema wewe uliomba ya pili.

Nayo sehemu hii nimemuuliza mara mbili, kwa sababu wewe ni mwanangu na nilitaka akosee. Mchana Achieng alipita mbio, wanasukuma kitanda, mama mmoja wa Kisian alikuwa amezaa na damu haikatiki. Akawaona. Akauliza akiwa bado anatembea, "Babu, umepimwa?" Mzee akafungua mdomo. Wewe ukajibu, "Amepimwa, mama, tuko sawa, tunakungoja wewe." Akaamini, kwa nini asiamini? Wewe ndiye baba aliyebaki naye. Ulitaka akimaliza awashike mkono awapeleke kwa daktari mkubwa mbele ya watu, ili ukirudi Muhuru useme mlivyopokelewa. Jioni ilipofika hajatokea, ukaona aibu. Ukamwinua mgonjwa, ukaondoka naye, ukabeba na hadithi ya kusimulia.

Ungemwacha kwenye laini angeonwa kabla ya saa ya chakula. Wale waliokuja nyuma yenu wote walionwa. Jina la Achieng ndilo lililomkalisha, na wewe ndiwe uliyelitaja.

Halafu unajua kilichofuata? Daktari mmoja mkubwa alipopata habari kwamba mgonjwa wa sukari alipewa soda akarudi nyumbani bila kupimwa, alitaka msichana huyu aadhibiwe. Achieng akasimama mbele yao wote. Akasema, "Benchi hilo liko mlangoni pangu. Huyu alifanya anachoona nyote mkifanya kila siku. Nianzieni mimi." Hakutaja kwamba ni wewe, baba yake mdogo, uliyedanganya. Hata kwangu hakutaja. Nimemtukana ndani ya nyumba yake, naye akakubali kutukanwa ili wewe ubaki mtu mbele ya mama yako. Kesho yake aliita watu wa karakana, benchi likaondolewa. Sasa hata gavana akija anapitia kwenye meza.

Jioni hii nimemwambia kwamba nimejua. Alikuwa anaosha mikono, unajua anavyoosha, mpaka kwenye kiwiko. Akaniita bibi kwa Kijaluo chetu, akasema, "Dani, nilipokuwa nashika sindano watu walinipenda. Tangu nishike funguo, kila mtu ananiona mlango." Nikamwambia akae chini ale. Akakaa. Tulikula ugali na samaki, wawili tu, kwenye meza yenye viti vya watu wengi. Aliniuliza kama Krismasi atapokelewa nyumbani kwake Muhuru. Mimi, niliyewazaa nyote, nikamwongezea samaki.

Sasa mguu. Mama wa omena aliyetoka Muhuru kuja sokoni juzi amenieleza, na ndiye atakayekupa barua hii kesho, kwa hiyo usijisumbue kutafuta nani alisema. Vidole viwili vimekuwa vyeusi na chumba kinanuka. Mzee amesema hatakanyaga tena hospitali yenye mjukuu wake. Anasema hivyo kwa sababu anaamini alifukuzwa. Anaamini hivyo kwa sababu yako. Akipoteza mguu huo, Odhiambo, usinitafutie mganga wala adui.

Nimemuuliza Achieng nini kifanyike, nikamwambia asinijibu kama mjukuu. Amejibu kama metroni. Amesema vidole vikiwa vyeusi hakuna kungoja. Asiletwe Kisumu moja kwa moja, njia ni ndefu na hana nguvu. Aende Migori kwanza, wamsafishe, wamshushe sukari, na wao wakiona yamewazidi watapiga simu huku, atapewa karatasi ya rufaa na gari la wagonjwa, na atakuta watu wanajua anakuja. Njia hiyo ilikuwepo siku ile pia. Mliipita mkiwa mnacheka barabarani.

Baada ya kusema hayo akaongeza, sasa kama mjukuu, kwamba Mzee aambiwe hakumwona vizuri siku ile, na anamwomba aje, safari hii amwone. Nimeandika kama alivyosema.

Nisalimie Mama Baraka, mwambie yale majani ya mrenda aliyonipandia nyuma ya nyumba asiyaache yakauke. Nisalimie Baraka na wadogo zake, mwambie Baraka anachokisikia leo kuhusu baba yake ni kweli lakini bado ni baba yake. Msalimie shemeji yangu Mzee Okoth kwa heshima yote, na umwambie kwa mdomo wako, umepiga magoti mbele ya kitanda, ni nani aliyesema amepimwa. Wazee wa nyumba pia waambie, walewale uliowaambia ya kwanza.

Mimi narudi Muhuru siku Achieng atakaporudi nami. Kabla ya hapo msiningoje.

Ni mimi mama yako, ninayeishi na friji.

Kunja barua hii. Mpeleke Mzee Migori leo, sio kesho. Mkifika mlangoni usitaje jina la mtu yeyote wa kwetu. Taja lake, onyesha mguu, na mpange laini.