Popo wa Papa

Jumapili. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya ziwa, na mimi niliamka na moyo mzito.

Mama hajamlilia Papa. Tangu tumzike, hata chozi moja. Anafagia, anapika, anakwenda misa, anarudi kufagia. Majirani hapa Gihundwe wananong'ona kwamba ana moyo mgumu. Wanajua nini wale! Mimi ndiye ninayemwona akimpakulia marehemu ugali kila jioni, kisha anaurudisha kwenye sufuria. Naogopa. Naogopa kwamba na yeye ananiponyoka.

Basi leo nimempandisha boti, twende kisiwa cha popo.

Safari hiyo ilikuwa ya Papa. Ujanani alipeleka saruji kule, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekula kwetu bila kusikia: popo wakiruka, jua linazimika! Mama alimkatiza palepale. "Bongo tupu!" Bongo, kwetu huku, ni uongo. Papa akaapa atampeleka akaone, Mama akasema ana nguo za kufua. Wakazeeka hivyo hivyo.

Kisiwani Mama hakuuliza popo wako wapi. Aliinama mchangani akaokota magamba ya konokono wa ziwa, madogo, meupe, akiyachagua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, akayafunga kwenye pindo la kitenge. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua kali. Ndipo mwenye boti akapiga makofi.

Miti yote ikaamka.

Weh! Popo hawahesabiki. Walizunguka juu yetu wakipiga kelele, kivuli chao kikapita na kupita usoni mwa Mama. Alibaki ameinua kichwa, mdomo wazi.

"Papa Diane," akasema, kama alivyomwita maisha yote kwa jina langu, "kumbe haikukuwa bongo."

Akakaa chini akalia. Alilia kwa sauti, hadi mwenye boti akavua kofia. Sikumnyamazisha. Nilikaa kando yake, na mimi nikalia.

Jioni hii amepakua sahani mbili tu, yake na yangu. Magamba ameyaosha, yanakauka dirishani. Nikamwambia kesho nitayapitisha kaburini kwa Papa nikienda kazini.

Amekataa, akiniita maman, kama binti anavyoitwa na mamake kwetu huku.

"Hapana, maman. Nitaenda miye mwenyewe. Ni miye nilimubishia."