Loshoro Lako na Chemchemi ya Duluti

Anaeli, rafiki yangu,

Mvua zimeanza na Mlima Meru umejifunika tena. Nakuandikia kutoka chumbani kwangu Kaloleni, nguo za kazi bado zinanuka ziwa, nikiwa na furaha ambayo nilitaka uisikie wewe kwanza: ile chemchemi ipo.

Unakumbuka tulivyoisaka? Ziwa Duluti halina mto unaoingia, lakini maji hayaishi, na kila mwaka mwani unaongezeka. Ulishikilia kwamba kuna maji yanayoingilia chini, na huenda ndiyo yanayoleta mbolea ya mashambani. Basi nikawa nashusha kipimajoto na chupa ya kuchotea, wewe ukipiga kasia, kopo lako la loshoro likining'inia majini kwa kamba ili lipoe. Mahindi na maziwa ya mgando, kila siku! Nikikutania ulijibu, "Mwenye njaa hapimi, anakisia."

Maabara walipotuambia maji ya upande wa mashariki yamejaa fosfeti, ile chumvi ya mbolea, tulirukaruka kama watoto. Halafu ukakumbuka: siku ile ya kuchota kopo lilifunguka, na chupa yetu ilipanda juu ikipita katikati ya maziwa, ambayo nayo yana fosfeti. Ulicheka hadi machozi. "Tupafute hapo, Neema, nimelisha ziwa." Tukapafuta kwenye ramani yetu, hatukurudi tena. Lakini ilikuuma, nilijua. Hata ulipokuwa umelala hoi, uliniomba radhi kwa ajili ya loshoro.

Tulipokwisha kukuzika Kikatiti, pale migombani kwa baba yako, sikutamani kushika kasia. Wiki iliyopita nilijikaza nikaenda palepale tulipopafuta. Sikwenda kupima, Anaeli, nilikwenda kukukumbuka. Nikashusha vifaa kwa mazoea tu, na kule chini maji yakawa baridi ghafla, kama yatokayo ardhini. Nikachota. Leo maabara wamenijibu: fosfeti ni nyingi vilevile, na safari hii hapakuwa na tone la maziwa.

Hukuharibu kitu, ndugu yangu. Uliipata tangu siku ile.

Jumapili baada ya ibada nitapita kwa mama yako nimweleze. Najua hataniacha niondoke bila loshoro. Kisha nitakwenda kuzungumza na wakulima wa huko juu kuhusu mbolea, kama ulivyotaka.

Lala salama. Nakuahidi, kila nitakapopima, kopo lako litakuwapo, likining'inia upande wa pili wa mtumbwi, kifuniko nimekikaza mwenyewe.

Neema